Kunguru na Mashine Yake ya Kupakata

Watu wengi huuficha uoga wao. Dada huyu hakuwahi kuuficha, na hata angetaka asingeweza, maana ulikuwa umeandikwa usoni. Utotoni aliogopa kisima, mbwa, radi na daktari wa meno, kwa mpangilio huohuo. Alipokua akaongeza lifti, pikipiki na barua zenye mihuri. Kaka yake mkubwa ndiye aliyembandika jina. Siku moja upepo ulipeperusha bati la banda likatua kwenye paa la jirani, na yeye akakataa katakata kupanda ngazi kulishusha. "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," kaka akasema, huku akipanda mwenyewe hatua mbilimbili. Tangu siku hiyo jina likamganda. Mtaani, kazini, hata kwa mwenye duka la kona, alikuwa Kunguru tu.

Wala si jambo la kuchekwa sana. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na nyumba ile ilikwisha kupata kilio chake kwa sababu ya mtu asiyejua kuogopa. Huyo alikuwa kaka mwenyewe.

Kunguru alikuwa mfasiri. Alifanyia kazi chumba cha mbele, kwenye meza iliyosogezwa dirishani, akihamisha maneno ya watu kutoka lugha moja kwenda nyingine: karatasi za maelekezo ya dawa, mikataba ya nyumba, vyeti vya ndoa za watu waliokwisha kuachana. Mara mojamoja aliitwa kwenye ofisi za mawakili kukalimani kwa mdomo. Chombo chake cha kazi vitabuni kinaitwa kompyuta mpakato, na mtaani watu husema laptopu wakaendelea na shughuli zao. Yeye alilipenda hilo neno la vitabuni. Mpakato unatokana na kupakata, alisema, na kinachopakatwa kwa kawaida ni mtoto. Ukishampakata mtoto kila siku, akipata homa unajua kabla ya daktari.

Sasa turudi kwa kaka. Kwa miaka minne kaka aliondoka asubuhi na mapema, akarudi jioni amechoka, na mama alipomuuliza anafanya kazi gani alijibu, "Kazi ya kompyuta, mama." Mama akawaambia majirani. Alikuwa mshonaji nguo, mkono wake ulijulikana, na hakuwa mtu wa kujisifu, lakini hilo alilisema kwa kila aliyekuja kupimwa: mwanangu anafanya kazi ya kompyuta. Hakuna aliyemsahihisha, kwa kuwa haikuwa uongo.

Kunguru aliujua ukweli siku kaka alipoacha chakula chake mezani. Alikifunga, akakifuata kiwanja alichokuwa amesikia kikitajwa, nyuma ya jaa kuu. Alikuta marundo ya mashine zilizokufa: skrini, vibao vya herufi, betri, nyaya zilizoviringishwa mafungumafungu. Katikati ya marundo palikuwa na moto, na pembeni ya moto alisimama kaka, kitambaa puani, akigeuza nyaya kwa fimbo ya chuma ili plastiki iungue ibaki shaba. Moshi ulikuwa mweusi, mzito, wa kukwaruza koo. Kunguru alisimama na kile chakula mkononi.

"Hii ndiyo kazi ya kompyuta?" akauliza.

Kaka akacheka. "Kwani hizi ni nini? Ni mahindi?" Kisha akaacha kucheka. "Usimwambie mama."

Hakumwambia. Kaka alipoanza kukohoa, hakumwambia. Kaka alipolazwa, daktari alimvuta Kunguru ukumbini akamweleza mambo ya moshi, ya sumu iliyomo kwenye vifaa hivi, na mapafu ya mtu aliyeivuta muda mrefu. Kunguru, ambaye kazi yake ni kuhamisha maneno bila kupunguza hata moja, alirudi wodini akamfasiria mama hotuba yote ile kwa neno moja: kifua. Kaka akazikwa na hilo neno.

Baada ya hapo wakabaki wawili. Mama alikuwa na nyonga mbovu zilizomfanya atembee kwa kushika kuta, sikio la kushoto halikufanya kazi kabisa, na la kulia lilisikia lilipopenda. Hofu zote za Kunguru, za mbwa na za radi na za lifti, zikakusanyika kuwa moja: kumpoteza mama. Alipika yeye, aliwasha jiko yeye, alikagua swichi za umeme kabla ya kutoka na aliporudi. Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi ni mgonjwa wa nyonga, si yai." Haikusaidia kitu.

Mwaka mmoja baada ya msiba laptopu yake ya zamani ikagoma kuwaka. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita mlangoni na mkokoteni wake, akaomba apewe. Kunguru aliiangalia mikono ya yule mtu, akaona masizi kwenye kucha, na akafunga mlango. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alijua inakokwenda na alijua itachomwa na kaka wa mtu mwingine, hata kama hamjui kwa sura.

Ndipo akaanza kutafuta nyingine, na hakuna mteja aliyewahi kuwachosha wauzaji namna ile. Alianzia duka la vioo lenye taa nyingi. Muuzaji akamwonyesha moja nyembamba, nzuri, inayong'aa.

"Ikiharibika inafunguka?" Kunguru akauliza.

"Dada, hii haifunguki. Imebanwa kwa gundi ndiyo maana ni nyembamba."

"Na betri ikichoka?"

"Unanunua nyingine."

"Betri nyingine?"

"Mashine nyingine."

Kunguru alishukuru, akatoka haraka. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na yeye alikwisha kukiona kidonda chenyewe. Akaishia kwa fundi wa kichochoroni aliyeitwa Skrubu, mtu mfupi wa maneno mafupi, aliyevaa taa ya kichwani mchana kutwa. Skrubu alikuwa na laptopu iliyotoka ofisi fulani baada ya kutumika miaka mitatu, nene na nzito. Kunguru akaomba ifunguliwe mbele yake. Akahesabu skrubu: kumi na moja. Akaonyeshwa kwamba betri inatoka, diski inatoka, kumbukumbu inaongezeka, feni inasafishika.

"Watu huja hapa wakauliza rangi," Skrubu akasema. "Wewe umeuliza skrubu. Unanunua kompyuta au unaifanyia upasuaji?"

"Naogopa, fundi."

"Unaogopa nini?"

Kunguru akailipia.

Miaka mitano akaitunza hiyo mashine, na jinsi alivyoitunza ilikuwa kichekesho cha mtaa. Hakuiweka kitandani, maana kitanda huziba matundu ya hewa. Hakuiacha ichaji usiku kucha. Ikifika asilimia themanini alichomoa waya, ikishuka hadi ishirini alichomeka, na mtu akimwambia kwamba betri humalizwa hadi mwisho ndipo ijazwe, alimpa somo zima hapohapo. Mwanga wa skrini aliupunguza mpaka mama akamuuliza kama anafanya kazi gizani. Akimaliza aliizima, hakuilaza tu ikaendelea kunyonya umeme kimyakimya. Kila baada ya miezi mitatu aliipeleka kwa Skrubu ipulizwe vumbi. Ilipoanza kuwa nzito ya kufikiri, aliongeza kumbukumbu na kubadilisha diski, ikakimbia kama zamani. Mteja mmoja, wakili, alimcheka kwa unene wake. "Usiache mbachao kwa msala upitao," Kunguru akamjibu, akaendelea kupiga chapa.

Watu walidhani ni ubahili. Wengine, waliosoma soma, walimsifu kwamba anapenda mazingira. Ukweli ni kwamba aliogopa. Kila mwaka ambao hakununua mashine nyingine ulikuwa mwaka ambao hakuna mtu aliyesimama kwenye moshi kwa ajili yake. Hesabu hiyo hakumwambia mtu, na mama kuliko wote.

Basi Jumatatu moja asubuhi alifungua kazi yake kama kawaida, akahisi kibao cha kuendeshea mshale kimeinuka. Kidogo tu, unene wa kucha. Akaifunga mashine, haikufunga sawasawa, upande mmoja ukabaki wazi. Akaiweka mapajani. Ilikuwa na joto lisilo la kawaida. Akaizima, akachomoa kila kitu, akaibeba kwa mikono miwili hadi kwa Skrubu akiwa ameitanguliza mbele, watu wakampisha njia wakidhani amebeba sahani ya moto.

Skrubu akafungua zile kumi na moja, akainua kifuniko, akapiga mluzi. Betri ilikuwa imevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

"Hii imekula chumvi nyingi," akasema. "Ina umri wa miaka minane. Umeitunza, lakini kila kitu na siku zake." Akaitoa taratibu kwa kijiko cha plastiki. "Mashine haina ubaya. Itafanya kazi kwa waya mpaka nikupatie betri nyingine. Shida ni hii."

"Nikuachie?"

"Hapa? Nina spiriti, nina gundi, nina pasi ya kulehemu. Unataka niungue?" Akaitazama ile betri bila kuigusa. "Sikiliza, dada. Ndani yake kuna gesi na kuna nguvu iliyobaki. Usiitoboe, usiikandamize, usiigonge, isipate joto. Ikipata joto inaweza kulipuka. Kuna kituo cha kupokea hizi, hawachomi, wanazivunja kwa utaratibu. Wanapokea Alhamisi tu. Mpaka hapo iweke kwenye mchanga mkavu, mbali na watu."

Siku tatu. Kunguru alirudi na ile betri ndani ya sufuria kuukuu iliyojaa mchanga, akaiweka uani chini ya kivuli, mbali na mlango, akafunika. Mama alikuwa ameketi kizingitini.

"Umeleta nini?" mama akauliza.

Hapa ndipo alipokosea, na alikosea kwa mapenzi. Angeweza kusema: mama, hiki ni kitu cha hatari, kinaweza kulipuka, usikisogelee. Lakini akafikiria mama atakavyokosa usingizi, presha itakavyopanda, na ulimi ukateleza kwenye njia yake ya kawaida.

"Ni betri ya kompyuta yangu, mama," akasema kwa sauti, karibu na sikio la kulia. "Imekwisha nguvu tu. Iache hapo."

"Imekwisha nguvu?"

"Ndiyo. Imechoka."

"Pole yake," mama akasema.

Usiku wa Jumatatu Kunguru aliamka mara nne kwenda kuchungulia sufuria. Jumanne alifanya kazi akiwa ameuelekeza uso uani. Jumatano aliitwa kwa mawakili kukalimani kikao cha watu waliogombania ukuta wa mpaka, na hakuwa na namna ya kukataa. Kabla ya kutoka akafunua sufuria: betri imetulia kwenye mchanga wake. Akafunika, akaenda, akageuka nyuma mara tatu kabla ya kufika kona.

Ilikuwa karibu saa sita za mchana, mgomvi wa kwanza akieleza urefu wa ukuta, simu yake ilipotetemeka mezani. Alikuwa mama. Mama hakuwahi kumpigia kazini. Kunguru akaomba radhi, akapokea.

"Mwanangu, uko kazini?"

"Niko, mama. Kuna nini?"

"Hakuna ubaya. Nilikuwa nakwambia tu, nimekusaidia. Ile betri yako nimeianika."

Kunguru akainuka kitini.

Inabidi ieleweke mama alikua zama gani. Alikua zama za redio za mawe, yaani betri, yale mawe makubwa ya duara yanayotiwa mgongoni mwa redio manne au sita. Mawe yakiisha nguvu hayakutupwa. Yaliondolewa, yakapangwa juani asubuhi, yakashinda humo, na jioni redio ikasema tena, kwa sauti ndogo lakini ikasema. Mawe yakiwa sugu yaligongwagongwa sakafuni. Yakizidi usugu watu waliyauma meno pembeni. Kila nyumba ilifanya hivyo, na kila mtoto wa nyumba hiyo alijua kwamba kilichokwisha nguvu dawa yake ni jua na kugongwa kidogo.

"Umeianika wapi, mama?"

"Juu ya kipande cha bati hapa chini uani, palipo na jua zuri. Tangu ulipotoka. Nawe ukaifukia mchangani kivulini, itapataje nguvu? Sasa hivi imeshika. Imejaa hiyo! Asubuhi ilikuwa nyembamba kuliko hivi."

"Mama, nisikilize. Ondoka hapo. Nenda kwa jirani. Usiiguse!"

"Niiguse?"

"Usiiguse! Usi-i-gu-se!"

"Haya, naigusa," mama akasema kwa utiifu, na simu ikakatika.

Akapiga tena. Ikaita, ikaita. Mama akimaliza kuongea huiweka simu kabatini na kwenda zake. Akampigia jirani wa ukuta kwa ukuta, simu imezimwa. Nyuma yake wakili alikuwa akiuliza, "Amesema mita ngapi?" Kunguru alikuwa amefasiri nusu ya lile jibu. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliiacha sentensi ya mtu katikati. Alichukua mkoba akakimbia, akashuka kwa lifti kwa sababu lifti ilikuwa wazi, na hakukumbuka kuiogopa mpaka alipokwisha kutoka.

Nje palikuwa na dereva wa pikipiki akila karanga. Kunguru hakuwahi kupanda pikipiki maishani mwake.

"Nipeleke," akasema, akataja mtaa, akapanda akiwa amelishika shati la yule mtu kwa vidole vyote kumi.

"Dada, mbona unatetemeka? Unaogopa?"

"Naogopa sana. Ongeza mwendo."

Dereva akaongeza. Njia nzima Kunguru alifumba macho, na ndani ya macho yaliyofumbwa aliiona mikono ya mama. Aliiona ikiipapasa ile betri kama inavyopapasa kitambaa kujua uzi wake. Aliiona ikitafuta jiwe dogo la kugongea. Halafu akayaona meno, akapiga kelele mgongoni mwa dereva, na dereva akadhani ameambiwa aongeze tena. Aliomba, akaahidi mambo ambayo hakuna mtu angeweza kuyatimiza. Kaka alikufa polepole, siku kwa siku, na yeye alisimama pembeni na siri yake. Huyu naye anakwenda kufa kwa neno moja, nguvu, alilolisema yeye mwenyewe ili mtu asiogope.

Alipofika hakuona moshi, na hilo likamtisha zaidi. Aliusukuma mlango wa uani.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kushonea, juani katikati, mgongo ameuelekeza mlangoni. Betri haikuwa juu ya bati. Alikuwa ameipakata. Aliiweka mapajani juu ya nguo, mkono wa kushoto umeishikilia kwa pindo la nguo, na mkono wa kulia ulikuwa na kijiko cha chuma. Alikuwa akiigonga, taratibu, kwa subira, upande huu kisha upande ule, huku akiimba kitu bila maneno.

Na betri ilikuwa ikitoa sauti. Kunguru aliisikia tangu mlangoni: sauti nyembamba ya hewa inayotafuta pa kutokea. Mama hakuisikia. Sikio la kushoto, lililokuwa upande wa betri, lilikwisha kufa zamani.

Kuita kungesaidia nini? Angeita, mama angegeuka, angeuliza "Niigonge?" na kugonga mara nyingine. Kunguru alisimama kiasi cha pumzi moja. Mwili wake wote ulitaka kurudi barabarani, na hakuna sababu ya kuficha hilo. Kisha miguu ikaenda mbele. Alivuka ua, akakiondoa kijiko kwa mkono mmoja na kuinyakua betri kwa mwingine. Ilikuwa ya moto kama pasi, na ngozi ya kiganja ikalia. Akaitupa kwenye sufuria ya mchanga, akamshika mama chini ya makwapa na kumburuta pamoja na kiti chake hadi nyuma ya ukuta wa jiko, mama akilalamika kwamba anavunjwa nyonga.

Ikalipuka. Haikupiga kishindo kikubwa. Ilifoka, kisha ulimi wa moto mrefu ukatoka kwenye sufuria na kusimama wima kwa muda ambao kwa Kunguru haukuwa na mwisho. Akaufikia mfuko wa mchanga uliobaki, akamwaga, akamwaga tena kwa mikono, mpaka moto ukasinyaa na kubaki moshi. Moshi ulikuwa mweusi, mzito. Ukajaa uani, ukapanda ukutani, ukawapitia. Kunguru akamfunika mama uso kwa nguo yake mwenyewe.

"Usivute, mama! Usivute hewa!"

Upepo ukauchukua. Walikuwa wamekaa chini wote wawili, wakikohoa, kandambili moja ya mama imebaki katikati ya ua. Kunguru akampapasa uso, kifua, mapaja, akakuta nguo imepauka palipowekwa ile betri na ngozi chini yake ni nzima. Akaanza kulia kwa sauti.

"Nilisema nitakusaidia," mama akasema. "Ulisema imekwisha nguvu."

"Nilikudanganya. Ilikuwa mbovu, ilikuwa ya hatari. Niliogopa kukutisha."

Mama alikuwa ameinua uso, ananusa. Alinusa mara mbili, polepole, na Kunguru akamwona anabadilika.

"Hii harufu naijua," mama akasema.

Hofu aliyodhani imekwisha ikamrudia Kunguru, na safari hii ilikuwa kubwa zaidi. "Ni plastiki tu, mama. Plastiki ikiungua hunuka hivyo."

"Nimekwambia naijua. Ni ya mashati ya kaka yako." Mama alikuwa akitazama moshi wa mwisho ukitoka sufuriani. "Miaka minne nimeifua. Haitoki kwa sabuni ya kawaida. Nilikuwa nayaloweka alfajiri, hujaamka, nayabadilisha maji mara tatu, nayaanika huku nyuma ili usiyanuse."

"Ulijua?"

"Mtu wa kukaa ofisini na kompyuta harudi na masizi masikioni. Nilijua kuna moto. Moto wa nini sikujua. Niliogopa kumuuliza, na alipokufa nikaogopa kukuuliza wewe." Akamgeukia. "Unashangaa nini? Huo uoga wako ulifikiri umeutoa wapi? Kwa baba yako?"

Kwa miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa amesimama mlangoni akimzuilia mwenzake kitu ambacho wote wawili walikuwa nacho ndani.

"Alikuwa akichoma vitu hivi?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mara ngapi?"

Jibu dogo lilikuwa tayari mdomoni: mara mojamoja, mama, siku zilipokuwa ngumu. Kunguru alilihisi likija, laini, lenye huruma, na akalimeza.

"Kila siku," akasema. "Miaka minne, kila siku. Nilimwona kwa macho yangu, nikanyamaza. Daktari aliniambia ni ule moshi, nami nikakwambia kifua."

Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akauvuta mkono wa binti yake, akaufungua, akakiona kiganja kilivyoungua. Akakisogeza mdomoni na kuanza kukipuliza. Machozi yalikuwa yakimtoka, pumzi ikikatika katikati, naye hakuacha kupuliza.